Wanangu wa kompyuta, swali lenu liko wapi?

Kwenu wanafunzi wa shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta na uhandisi wa kompyuta, popote mlipo.

Wanangu,

Nimestaafu kusimamia miradi, ila bado naletewa tasnifu nizipitie, na kila ninapofungua moja jicho langu hutafuta alama ya kuuliza. Mara nyingi siioni. Naona tu kwamba mwandishi "amebuni na kuunda mfumo", kisha michoro, kisha picha za skrini, kisha sura ya mwisho inayotangaza kwamba mfumo unafanya kazi. Hongera. Lakini tunajua nini leo ambacho jana hatukukijua?

Msinielewe vibaya, sidharau kujenga. Katika fani yetu maswali mengi hayaulizwi mpaka kwanza mtu ajenge kitu. Ila kilichojengwa ni chombo cha kuulizia tu. Mwanafunzi anayeunda kache mpya (hifadhi ndogo ya haraka ya data inayotumika mara kwa mara) na kusema "ina kasi" hajauliza chochote. Mwenzake anasema: "Nadhani kache hii itaishinda ya kawaida pale maombi yanapojirudia, na itashindwa yakitawanyika, nitapima hali zote mbili." Huyu ameshaanza utafiti kabla ya kuandika msimbo, kwa sababu ametaja mapema ni tokeo gani litamwonyesha kwamba alikosea.

Na msidhani maswali mazito wamewekewa wazee. Mwaka 2016 Iordanis Kerenidis na Anupam Prakash walitoa algorithimu, yaani utaratibu wa ukokotoaji, ya kompyuta za kwantamu, zile zinazotumia kanuni za fizikia ya chembe ndogo, kwa ajili ya mifumo ya mapendekezo, ile inayokisia mtu atapenda filamu gani au bidhaa gani. Ilionekana kuziacha mbali mno algorithimu zote zilizojulikana za kompyuta za kawaida. Kilichokosekana ni uthibitisho kwamba kompyuta ya kawaida haiwezi kabisa kuifikia, na katika Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, profesa Scott Aaronson akampa kazi hiyo Ewin Tang, mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Tang akahangaika nao, uthibitisho ukakataa kuja. Akaanza kushuku kwamba hauji kwa sababu jambo lenyewe si kweli. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 18, akatoa algorithimu ya kompyuta ya kawaida inayofanya kazi ile ile bila ile tofauti kubwa ya kasi iliyokuwa ikidhaniwa. Kazi aliyotumwa ilimshinda, na kule kushindwa ndiko kulikokuwa ugunduzi.

Isomeni tena habari hiyo, maana najua wengi wenu mngefanya nini. Mngeona aibu. Mngemkwepa msimamizi kwa wiki kadhaa, kisha mngepindisha swali kidogo kidogo mpaka lijibike kwa namna iliyotarajiwa.

Yupo pia Andrew Krapivin, ambaye akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, alisoma makala kuhusu vielekezi vidogo vya kumbukumbu, yaani alama fupi zinazoonyesha data iko wapi, akaanza kuchezea majedwali ya hashi, ambamo kila kitu hupangiwa nafasi kwa hesabu ili kipatikane haraka. Kazi aliyoitoa mwaka 2025 pamoja na Martin Farach-Colton na William Kuszmaul iliangusha dhana ya mwanasayansi wa kompyuta Andrew Yao ya mwaka 1985, iliyohusu muda unaohitajika kupata nafasi katika jedwali lililokaribia kujaa. Watu hupenda kusimulia kwamba Krapivin hakuwa na habari na dhana hiyo, kana kwamba kutokujua ndiko kulikomsaidia. Mimi navutiwa na jambo jingine: alisoma makala moja kwa undani, kisha akampelekea kazi yake mmoja wa walioiandika. Kuuliza si ujinga, na kupeleka kazi isiyokamilika kwa mkubwa si utovu wa adabu.

Sasa tuje kwenye vipimo, ambako ndiko kazi nyingi za vijana hufia.

Mwaka 2009 Todd Mytkowicz na wenzake walichapisha kazi ambayo, laiti ningekuwa na mamlaka, kila mwanafunzi angeisoma kabla ya kuchora grafu yake ya kwanza. Walichukua programu zile zile kwenye mashine ile ile, wakabadilisha kitu ambacho hakuna anayekijali: ukubwa wa vigezo vya mazingira ambavyo mfumo wa uendeshaji huikabidhi programu inapoanza. Vigezo hivyo hukaa kwenye kumbukumbu jirani na steki, eneo ambamo programu huweka data zake za muda. Vikirefuka, steki inasogea, na anwani za data zinapangika tofauti ndani ya kache. Basi swali la kama kiwango cha juu cha uboreshaji wa kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) kinaongeza kasi likawa linajibiwa ndiyo au hapana kutegemea ukubwa wa vigezo hivyo. Mpangilio wa kuunganisha mafaili nao ulipotosha vipimo vivyo hivyo. Kumbukeni kwamba vigezo vya mazingira hubeba hata jina la mtumiaji na folda aliyomo.

Halafu mwanafunzi ananiletea ongezeko la kasi la asilimia 3, lililopimwa mara moja, kwenye kompyuta mpakato yenye kivinjari kimefunguliwa kando. Rudieni vipimo mara nyingi. Changanyeni mpangilio wa kuviendesha, ili joto la kichakataji lisiwe linaubeba upande mmoja. Andikeni mtawanyiko, si wastani peke yake.

Mnaofundisha modeli za kujifunza kwa mashine, ugonjwa wenu ni mwingine. Mnagawa data mkiwa mmeshaisawazisha yote kwa pamoja, au picha za mgonjwa mmoja zinaangukia upande wa mafunzo na upande wa majaribio, hivyo modeli inakuwa imeshauchungulia mtihani, kisha mnashangilia usahihi wa ajabu. Mnajaribu mbegu nyingi za nasibu, yaani namba zinazoanzisha bahati nasibu ya mafunzo, na kuripoti iliyopendeza. Mbaya zaidi, modeli yenu mnairekebisha muhula mzima, ile mnayoilinganisha nayo mnaiacha na mipangilio yake ya awali. Hapo mmemfunga mpinzani miguu kisha mkatangaza mmeshinda mbio.

Kwa wahandisi: uigaji, yaani kuijaribu saketi ndani ya programu kabla ya kuiunda, kupita bila hitilafu si mwisho wa safari. Ishara inayovuka kutoka sehemu ya saketi inayoongozwa na mapigo ya saa moja kwenda sehemu ya saa nyingine bila saketi ya kuioanisha itaonekana safi kabisa katika uigaji wa kawaida, kisha iwachezee kwenye ubao mara moja moja, tena siku ya onyesho. Na msiniambie hamna vifaa. Seti ya maelekezo ya RISC-V, yaani orodha ya amri ambazo kichakataji hufuata, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010 iko wazi kwa kila mtu, na ubao mmoja wa FPGA (chipu ambayo saketi zake unaweza kuzipanga upya) unatosha kubeba kichakataji kidogo mlichokibuni wenyewe. Mwaka 1978, mhandisi Lynn Conway alipofundisha chuo cha MIT, Marekani, chipu zilizobuniwa na wanafunzi darasani zilitengenezwa kweli na kurejeshwa kwao wiki chache baada ya kozi.

Kuhusu akili mnemba sina mengi. Itumieni, lakini fungueni kila marejeo inayowapa, kwa kuwa hutunga makala ambazo hazijawahi kuandikwa. Na mstari wa msimbo ambao huwezi kuueleza ubaoni bado haujawa wako.

Niongee kidogo na wasimamizi, maana najua mnaisoma barua hii mkichungulia begani mwao. Mwanafunzi anayeweka lebo kwenye picha muhula mzima bila kuambiwa swali ni lipi, huyo ni kibarua. Mwambieni swali. Na mkubaliane mapema majina yatakayokaa kwenye makala na kwa mpangilio upi, kabla makala haijakubaliwa na macho ya watu hayajabadilika.

Mwisho, jambo ambalo vijana huliogopa kuliko yote: jibu likitoka hapana, liandikeni hapana. Semeni mlijaribu nini, kwa ukubwa gani wa data, kwenye mashine ipi, na mnadhani kwa nini haikuwezekana. Sura hiyo ipewe kurasa za kutosha, isibanwe kwenye aya ya "changamoto" karibu na shukrani. Kisha hifadhini msimbo, vipimo ghafi, toleo la kompaila, mbegu za nasibu, na faili fupi la maelezo ya namna ya kuendesha yote kwa amri moja. Mpeni mwenzenu asiyehusika na mradi ajaribu kwenye mashine yake, nanyi mkae kimya pembeni. Atakapokwama, msimwambie la kufanya; rekebisheni faili.

Mimi mzee wenu,
msimamizi mstaafu