Maji ya saa nane usiku yanawapa nafasi wezi Jang'ombe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wizi unaotusumbua sisi wakaazi wa Jang'ombe. Kila likitokea tukio tunaambiwa vijana wameharibika, unga umewamaliza. Ni kweli wapo, na wengine tumewalea wenyewe. Lakini wizi wa mtaani kwetu una saa yake, nayo ni ile ile ya maji kutoka.

Maji kwetu hutoka saa nane au saa tisa za usiku, siku yakitoka. Hayana nguvu ya kupanda tangini, kwa hiyo mwenye uwezo amenunua pampu. Pampu hukaa nje karibu na mfereji, waya unapita mlangoni, na mlango hauwezi kufungwa. Asiye na pampu anabeba ndoo na madumu kwenda kwa jirani mwenye kisima, na kichochoro hakina taa hata moja. Binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa skuli, alivamiwa ndoo ikiwa kichwani, akanyang'anywa simu aliyokuwa akimulikia njia. Alianguka akachanika goti. Sasa anakwenda mama yake, na mama mwenyewe ana pumu.

Mimi pampu yangu iliibwa Ramadhani. Nilikuwa jikoni napasha daku, nikasikia mlio umekatika, nikadhani umeme umekwenda. Kutoka nje, mpira umekatwa kwa kisu na maji yanamwagika barazani.

Sasa pampu zote hizi zinakwenda wapi? Zinauzwa. Wapo wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopima kwa kilo na kulipa papo hapo bila kuuliza kitu kimetoka wapi. Mnunuzi alazimishwe kuandika jina na namba ya kitambulisho cha Mzanzibari cha kila anayemuuzia. Hili halina gharama kwa serikali, na sielewi kwa nini linachelewa.

Najua tumekuwa wengi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya 2022 ikahesabu 893,169. Mabomba yanayofika kwetu ni yale yale niliyoyakuta nilipoolewa, kwa hiyo mgao siukatai. Ninachoomba ni zamu yetu isogezwe, ianze baada ya sala ya alfajiri, watu wakiwa macho na njia zina wapiti. Kama haiwezekani, basi vijana wa ulinzi shirikishi wasaidiwe kukaa mpaka saa kumi. Hivi sasa wanarudi kulala saa sita, na siwalaumu, wana kazi zao asubuhi na hawalipwi.

Na hayo yote yakishindikana, tuwekewe taa. Tatu zinatosha, kuanzia msikitini mpaka kisimani. Nguzo zipo na umeme umeshapita.

Mama wa watoto watano,
Jang'ombe, Unguja