Paka mwenye kisukari: pesa kidogo yatosha, ila saa zake zisikosewe

Bi mmoja wa mtaa wa Langoni alikuja dukani kwetu hapa Lamu na paka wake kwenye kikapu cha ukili. "Mwanangu," akasema, "huyu siku hizi habanduki penye maji." Ni dume aliyehasiwa, umri wake kama miaka 10, zamani alikuwa mnono. Sasa mgongo umechongoka, na akitembea anakanyagia visigino vya miguu ya nyuma badala ya vidole. Tukamtoboa sikio kidogo, tone la damu likaingia kwenye mashine: sukari iko juu sana. Paka akiogopa, sukari yake hupanda kwa muda, kwa hiyo tulimwomba Bi atuletee na mkojo aliouchukua nyumbani. Nao ulikuwa na sukari. Daktari wa mifugo akathibitisha.

Paka wetu wa Lamu kwa umbile ni wembamba na miguu mirefu, ndiyo maana wengi huchelewa kugundua kwamba paka anakonda. Tazameni maji na mkojo kwanza. Paka anayekula vizuri, anakunywa kupita kiasi, anakojoa sana na bado anapungua, mleteni upesi.

Bi aliuliza, "Itanigharimu ngapi?" Swali hili tunaulizwa kila mara, na tunalichukulia kwa uzito, kwa sababu tumeona paka wakiachwa wafe wakati matibabu yangewezekana.

Pesa nyingi hupotea kwenye insulini, dawa ya sindano ya kushusha sukari, inayonunuliwa vibaya. Insulini hupimwa kwa yuniti, na chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Paka wengi huanzishwa yuniti 1 asubuhi na 1 jioni, yaani yuniti 60 kwa mwezi. Chupa kubwa itaharibika kabla hujafika hata nusu. Mwulize daktari kama paka wako anafaa kutumia insulini ya glajini, ile ile ya binadamu, inayouzwa pia katika vichupa vidogo vya mililita 3 vya kalamu ya kuchomea insulini. Bomba la sindano liwe la U-100, yaani la insulini yenye yuniti 100 kwa mililita, dogo kabisa, ili mistari ya yuniti isomeke. Lile la U-40 ni la insulini nyingine, na ukilitumia hapa kipimo kitakosewa. Vidonge vya kisukari vya babu usimpe paka.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, digrii 2 hadi 8, mbali na barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika. Joto la kaskazi nalo huiua nguvu. Wengine hutuuliza kuhusu mtungi wa maji. Mtungi hupoza vizuri mahali penye hewa kavu, lakini hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo usiutegemee. Asiye na friji, tunamwekea dawa yake katika friji ya duka bila malipo. Umeme ukipotea, tumia chupa ya chai yenye barafu, dawa ikiwa imefungwa kwa kitambaa isigusane nayo.

Sasa saa. Sindano huwa mbili, zikipishana saa 12. Hapa karibu na ikweta jua hutusaidia: mwaka mzima huchomoza na kuzama kwa tofauti ya takriban saa 12. Mchome jua linapochomoza, kisha tena magharibi. Tatizo ni kwa wavuvi. Saa ya maji kujaa na kupwa husogea karibu dakika 50 kila siku, na mvuvi hufuata maji. Kwa hiyo kila nyumba tunafundisha watu wawili, mara nyingi mama na kijana wa shule. Nusu saa mbele au nyuma haina neno. Ukisahau kabisa, subiri zamu inayofuata, wala usimpe mbili kwa pamoja.

Kwanza ale, ndipo umchome. Akikataa chakula, usimchome, mpigie daktari. Mpunguzie wali, ugali, mkate na zile biskuti kavu za paka. Mpe nyama ya kuku, yai lililopikwa, maini kidogo, na samaki aliyechemshwa, akitengwa kabla hujatia kitunguu, thomu (kitunguu saumu) na tui. Samaki peke yake kila siku hamtoshi. Lakini paka aliyekwisha anza sindano usimbadilishie chakula ghafla bila kumwambia daktari: wanga ukipungua, kipimo cha jana chaweza kuwa kikubwa mno leo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Sukari ikishuka, paka hulegea, huyumba, hata hupata kifafa. Mpake asali kwenye fizi, usimmiminie kitu mdomoni akiwa amezimia, kisha mkimbize kwa daktari. Akitapika, akikataa kula na pumzi yake ikinuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, hiyo pia ni dharura, hata usiku.

Baadhi ya paka wakitibiwa mapema, na mlo ukarekebishwa, hufika pahala daktari akaisimamisha insulini kabisa. Hatuwezi kumwahidi yeyote hilo, lakini tunalitarajia kwa kila paka anayeletwa mapema.

Huduma yetu: tunakufundisha kuchoma kwa maji na chungwa mpaka mkono uzoee, halafu sindano ya kwanza tunakuwa nawe nyumbani. Walioko Shela na Matondoni, tupangane kulingana na boti. Njooni na daftari lenye saa ya sindano, alichokula, na maji aliyokunywa. Daktari huanza kwa kulisoma hilo.