Barua ya wazi kwa vijana wa Pemba mnaokwenda kujitolea Ujerumani

Assalaam alaykum wanangu,

Nakuandikieni mimi mzee wenu wa Mkoani hapa Pemba, mana nasikia mpo mnaosubiri viza mwende Ujerumani kwa ile programu ya kujitolea ya serikali ya Ujerumani, weltwärts, na kabla hamjapanda boti kwenda ubalozini Dar nina neno moja la kukwambieni: semeni ukweli wa pesa nyumbani.

Mnakwenda kujitolea, hamwendi kuajiriwa. Programu inakupa tiketi, bima, pa kulala, chakula, na juu yake pesa ya mfukoni, basi. Pesa hiyo ni ya vocha na soksi na nauli ya kwenda kutembea, si ya kujengea. Lakini huku kwetu mtu akishasikia fulani yuko Ulaya, mjomba anataka mashine ya boti, shangazi anataka mchango wa harusi, na bi mkubwa amenyamaza lakini keshamwita fundi aje apime bati. Nyie mnaona haya kusema, afu kijana anakwenda kule anakula mkate mkavu mwezi mzima apate kutuma euro hamsini, au anaingia vibarua vya magendo usiku na viza yake ni ya kujitolea tu, akikamatwa ndo safari imekwisha. Wazee wenzangu na nyie nakuombeni, mwaka mmoja huu muacheni mtoto apumue.

Kazi yenyewe nzito. Wengi hupelekwa chekechea, nyumba za wazee, au kwa watu wenye ulemavu, na ni kutwa nzima. Utamkogesha mzee wa watu, utamvisha soksi, utamkatia nyama vipande vidogo vidogo, na pengine jina lako ulilomwambia asubuhi mchana keshalisahau, anakuuliza tena we nani, mwambie tena kwa upole. Kumkogesha mzee mnakujua, mmewafanyia bibi zenu, tofauti kule kuna glavu na karatasi ya kuandika kilichofanyika na saa ngapi. Iandikeni sawasawa karatasi ile, mana anaekuja zamu ya pili anaitegemea hiyo hiyo.

Sie tumezoea kupokea. Madaktari wa China wanakuja Zanzibar tangu 1964 na hapa hospitali ya Abdalla Mzee tunawaona mpaka leo. Hata hiyo weltwärts ilipoanza 2008 ilikuwa ya vijana wa Kijerumani kutoka kwao tu, njia ya vijana wa huku kwenda kule imefunguliwa 2013. Kwaiyo mlango wenyewe mpya, na mmoja wenu akitoroka katikati ya mwaka watakaoumia ni wadogo zenu wanaoomba baada yake. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nawajua hao wadogo zenu, wengine nimewasomesha skuli.

Dini yenu nendeni nayo. Disemba kule Berlin jua linatoka saa mbili na robo asubuhi, na magharibi inaingia saa kumi kasoro ya alasiri, yani adhuhuri, laasiri na magharibi zote zinakukuta kazini. Juni ndo kinyume chake, magharibi saa tatu na nusu usiku. Mwambie msimamizi wako wiki ya kwanza kwamba unasali na unafunga, usingoje Ramadhani iingie ndo uanze kujieleza. Na mna siku 25 za semina kwa mwaka, hizo si za kupiga picha tu, kama unafanyishwa kazi isiyokuwemo kwenye mkataba pasemee pale. Paspoti usimpe mtu akuwekee.

Mtu akikutakeni pesa ati akutafutieni nafasi, huyo tapeli, muondokeeni.

Sasa mkataba. Una sehemu imeandikwa pesa ya mfukoni ni euro ngapi kwa mwezi. Toeni kopi, mkae na wazee wenu na huyo mjomba wa mashine awepo, muisome kwa Kiswahili, mseme wazi hii ndo yote na hakuna nyengine. Anaeona haya kuisema mwenyewe aje kwangu baada ya laasiri, alete karatasi na mzazi wake, ntaisoma mimi.

Wenu, mzee wa Mkoani