Barua ya wazi kwa mameneja wakuu mliokabidhiwa timu zilizoporomoka

Wanangu,

Salamu kwanza, na hongera kwa uteuzi, ingawa najua wapo kati yenu walioupokea kwa mashaka. Mmekabidhiwa timu zilizochoka. Nyingine zimeshuka daraja, nyingine zimeponea siku ya mwisho, na zote zina mashabiki wenye hasira. Najua pia swali mtakaloulizwa kabla hata hamjaonyeshwa ofisi: "Unatuletea nani?" Msilijibu. Timu ikiporomoka, ni mara chache sababu kuwa ni mchezaji iliyemkosa. Tafuteni sababu kwa wale iliowasajili kwa pupa madirisha ya usajili mawili matatu yaliyopita, ambao hadi leo inawalipa.

Anzeni na karatasi. Andikeni majina ya kikosi kizima, na mbele ya kila jina muweke umri, mshahara, mwezi na mwaka ambao mkataba unaisha, ada aliyonunuliwa, na dakika alizocheza msimu uliopita. Kisha kaeni nayo. Mtamkuta mshambuliaji wa miaka 31 anayelipwa kuliko wote, mkataba wake una miaka mitatu mbele, na dakika zake ukizijumlisha hazijazi mechi kumi. Mistari michache chini yake yupo kiungo wa miaka 22 aliyecheza karibu kila mechi, analipwa robo ya yule mkubwa, na mkataba wake unaisha mwakani. Wa kwanza hamtamuuza kirahisi, maana hakuna klabu itakayolipa mshahara ule. Wa pili yuko mbioni kuondoka bure. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine miezi sita kabla ya mkataba wake kuisha, na tangu hukumu ya Bosman ya mwaka 1995, iliyowaruhusu wachezaji wa Ulaya kuondoka bure mikataba ikiisha, mawakala wanaijua kalenda hiyo kuliko sala zao. Basi kabla hamjapokea simu ya wakala yeyote wa nje, kaeni na kiungo huyo. Akikubali, aongezewe mkataba na mshahara unaolingana na kazi yake. Akikataa, auzwe dirisha hili hili.

Kuhusu yule wa miaka 31, mwiteni mhasibu. Mchezaji aliyenunuliwa kwa milioni 10 kwa mkataba wa miaka mitano huhesabiwa vitabuni milioni 2 kila mwaka. Baada ya miaka miwili bado ana thamani ya milioni 6 kwenye karatasi. Ikija klabu na milioni 4, mmiliki ataruka: "Tunapata hasara ya milioni 2!" Ni kweli, vitabu vitaonyesha hivyo. Lakini ada ile ilishatoka mfukoni, na kumweka mtu jukwaani hakuirudishi. Kinachoendelea kutoka kila mwezi ni mshahara. Mimi ningeuza asubuhi, hata kama ofa ni ya kudharaulika.

Mtu ninayependa kuwatajia vijana ni Monchi wa Sevilla ya Hispania. Aliwahi kuwa kipa wa klabu hiyo, tena kipa wa akiba kwa muda mrefu. Mwaka 2000 timu imeshuka daraja na ina madeni, ndipo akapewa ukurugenzi wa michezo. Hakuwa na fedha ya kutamba. Alikuwa na kocha Joaquín Caparrós, vijana wa akademi, na skauti, yaani watafuta vipaji, waliotumwa kuangalia ligi ambazo wakubwa hawakuziangalia kwa makini. Timu ikapanda mwaka uliofuata. Kisha akaanza kuuza. José Antonio Reyes, kijana wa nyumbani, alikwenda Arsenal Januari 2004. Sergio Ramos, naye wa akademi, alikwenda Real Madrid mwaka 2005. Hebu fikirieni kelele za mashabiki! Lakini Sevilla ilitwaa Kombe la UEFA mwaka 2006, ikarudia 2007, wote wawili wakiwa wameshaondoka. Upande wa kulia alikuwepo Dani Alves, waliyemtoa Bahia ya Brazil kabla Ulaya haijamjua. Naye akauzwa Barcelona mwaka 2008.

Wengi wanaisikia habari hii wanabaki na neno "uza." Kuuza hata mjinga anaweza. Ugumu ni kuwa na mrithi kabla mnunuzi hajabisha hodi. Tazameni Brentford ya Uingereza. Mwaka 2019 walimuuza Neal Maupay, wakamtoa Ollie Watkins pembeni wakamweka katikati ya safu ya ushambuliaji. Mwaka 2020 wakamuuza Watkins, akaingia Ivan Toney kutoka Peterborough, klabu iliyokuwa daraja la tatu. Toney akafunga mabao 31 ya ligi msimu huo, na mwaka 2021 Brentford wakapanda Ligi Kuu ya Uingereza. Mtu hamjui Toney wiki moja kabla ya dirisha kufungwa. Anakuwa kwenye daftari lako muda mrefu, umemwona akicheza ugenini kwenye mvua, umeuliza anavyofanya mazoezi. Kwa kila nafasi uwanjani muwe na majina matatu, na orodha hiyo ipitiwe upya kila mwezi, hata pale ambapo hakuna anayeondoka.

Suala la kocha ndilo litakalowanyima usingizi. Thomas Frank alipochukua Brentford mwaka 2018 alipoteza mechi nane kati ya kumi za mwanzo, na hawakumfukuza. Klabu ile ina desturi ya kupima nafasi ambazo timu inatengeneza na inazoruhusu, si mabao peke yake, na ndiye kocha aliyewapandisha. Upande wa pili, Bayer Leverkusen Oktoba 2022 walikuwa wa pili kutoka mkiani, wakabadilisha kocha katikati ya msimu. Wakamchukua Xabi Alonso, ambaye kwenye soka la wakubwa alikuwa amefundisha timu B ya Real Sociedad tu. Msimu wa 2023/24 wakatwaa ubingwa wa Ujerumani bila kupoteza hata mechi moja kati ya 34. Sasa mzee anawaambia nini, kuvumilia au kufukuza? Nawaambia muangalie mechi zenyewe. Timu inayofungwa huku ikitengeneza nafasi na wachezaji wakikimbia hadi dakika ya mwisho, mpeni kocha wake muda. Timu inayofungwa huku wachezaji wakitazamana na kunyoosheana vidole, hapo mnachelewa.

Nikiwa hapo hapo Leverkusen: kabla ya msimu ule wa ubingwa walimsajili Granit Xhaka akiwa na miaka 30, na Alejandro Grimaldo bila ada baada ya mkataba wake na Benfica kuisha. Nayasema haya kwa sababu siku hizi naona vijana mkiogopa kila aliyezidi miaka 25. Chumba cha kubadilishia nguo chenye watoto watupu hakina wa kusema wakati mambo yakiharibika. Wakubwa wawili watatu, kwa mikataba mifupi, wanatosha.

Kuhusu mikopo nitasema kidogo. Leeds United walikopa wakitegemea mapato ya Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2001 walifika nusu fainali, mwaka 2004 wakashuka daraja, mwaka 2007 wakawa daraja la tatu. Ligi Kuu waliiona tena mwaka 2020. Bajeti yenu ijengwe juu ya nafasi mbaya mnayoweza kumaliza nayo, na mmiliki aikubali kwa maandishi kabla ligi haijaanza, kwa sababu mwezi wa kwanza wa ligi timu ikishinda mechi nne mfululizo atakuja na jina la nyota mikononi.

Wengine mtaondolewa kabla matunda hayajaonekana. Monchi mwenyewe alipokwenda Roma mwaka 2017 alidumu chini ya miaka miwili. Ikifika zamu yenu, mkabidhini anayekuja daftari la skauti, tarehe zote za mikataba, na hasa vile vipengele vya asilimia ya mauzo ya baadaye mlivyovipigania wakati wa kuuza, vinavyowapa sehemu ya fedha mchezaji akiuzwa tena. Klabu iliyonunua haitajitokeza kuwakumbusha kudai.

Mzee wenu