Malalamiko kuhusu boila ya lita 100 iliyotoboka baada ya miezi 14

Lubumbashi, tarehe 15 Julai 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa duka

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu. Tarehe 3 Mei 2024 nilinunua dukani kwenu boila ya umeme ya lita 100, mtambo wa kupashia maji ya kuoga, kwa dola 260, na dola 40 nyingine nikawalipa mafundi wenu walioileta na kuifunga nyumbani kwangu, Kampemba. Tarehe 28 mwezi uliopita, alfajiri, nilikuta maji yametapakaa kwenye sakafu ya bafu. Tangi limetoboka chini. Garanti yenu, yaani dhamana, ni ya miaka miwili, lakini nilipokuja na fakture, ile hati ya manunuzi, mkononi, kijana wenu wa mapokezi alinijibu: «Mama, hiyo ni maji.» Eti maji ya hapa yana chokaa, na chokaa haimo katika garanti.

Mnauza boila Lubumbashi, Bwana Mkurugenzi. Hakuna mama katika mji huu asiyejua ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Siku ya kununua nilimwambia muuzaji wenu mbele ya mwanangu: nipe kitu kitakachoyavumilia maji yetu, hata kama bei inapanda. Sikuomba ya bei rahisi. Yeye ndiye aliyeichagua aina ile, akalisifu tangi lake kuwa ni la inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu, na neno hilo akaliandika kwenye fakture. Kama garanti yenu inayakataa maji ya mji mzima, mlinipa garanti ya nini?

Boila yangu ya zamani ilifungwa mwaka 2012 na ikatutumikia miaka 12, kwa maji hayo hayo na bomba hilo hilo. Haikuwa na maajabu yoyote. Fundi wetu wa mtaani aliifungua kila baada ya miaka miwili, akakwangua chokaa, akaitazama anodi, na mara tatu akaweka mpya. Anodi ni ile fimbo ya magnesiamu iliyo ndani ya tangi: inaliwa yenyewe ili chuma cha tangi kisiliwe. Ikiisha, kutu inahamia kwenye tangi. Mafundi wenu walipofunga boila mpya hawakunitajia fimbo hiyo hata mara moja, na kitabu kilichokuja nayo kimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna anayeisoma nyumbani kwetu.

Mlipokataa kutuma mtu, nilimwita fundi wetu, tukaifungua pamoja. Kwanza kilimwagika chokaa, vipande vipande kama maganda ya mayai, nusu ndoo nzima. Rezistansi, ile sehemu inayopasha maji kwa umeme, ilikuwa imevaa ukoko mnene kama kidole changu. Anodi ilibaki waya mwembamba, fundi akaukata kwa vidole viwili. Halafu, chini ya kifuniko cha plastiki, tukasoma kibandiko cha kiwanda: tangi la chuma kilichopakwa enameli, ule utando mgumu kama kioo. Silidharau tangi la enameli, maana hata lile la miaka 12 lilikuwa la namna hiyo, na linadumu likilindwa na anodi nzuri. Lakini nililipia inoksi, na fakture yenu inasema inoksi.

Tukakuta pia termostati, kile kidude cha kupanga joto la maji, imewekwa mwisho kabisa, digrii 75. Hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuigusa. Ni fundi wenu aliyeiacha hapo. Maji yakipita digrii 60 chokaa huganda haraka zaidi, na fundi anayefunga boila katika mji huu angepaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Wiki iliyopita mlinipigia simu mkanipendekezea nyingine, ya wati 3000, kwa kuongeza dola 90. Nimekataa, na sababu ni hii: kwetu jioni umeme hushuka hadi volti 180. Kwa volti hizo rezistansi ya wati 2000 inafanya kazi kama ya wati 1340 hivi, ndiyo maana tunangoja sana maji yapate moto. Kungoja nimezoea. Wati nyingi hazizuii tangi kutoboka.

Ninachoomba ni kimoja kati ya viwili. Nirudishieni dola 300 zote, pamoja na zile za kufunga. Au nipeni boila ambayo rezistansi yake imo ndani ya ala yake, haigusani na maji, ili chokaa isiishike na fundi aweze kuibadilisha bila kumwaga tangi; yenye anodi nene inayopatikana hapa mjini ikiisha; na aina ya tangi iandikwe kwenye fakture kama ilivyo kwenye kibandiko cha kiwanda. Ikiwa hiyo ina bei zaidi, tofauti nitailipa. Fundi wenu aiweke kwenye digrii 60 na aniandikie tarehe ya kutazama anodi.

Mama yangu mzazi ana miaka 78 na viungo vinamuuma. Mwezi huu wa saba asubuhi ni baridi kali, kwa hiyo kila siku saa kumi na moja tunawasha mbabula, jiko la makaa, kumpashia maji ya kuoga, na binti yangu anabeba sufuria la moto kutoka uani hadi bafuni gizani. Juzi aliteleza. Maji yalimpita kando ya mguu.

Nangoja jibu lenu la maandishi ndani ya siku 15. Tangi, kibandiko na kile kipande cha anodi vyote nimevihifadhi barazani. Mtumeni fundi wenu aje avione, siku yoyote baada ya saa nane mchana.

Kwa heshima,

Mteja wenu wa Kampemba, mwenye fakture ya tarehe 3 Mei 2024