Samaki wa Malagarasi hawapandi mto mwezi Juni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie mjadala wa kupumzisha Ziwa Tanganyika, mjadala ambao tangu uvuvi usimamishwe upande wetu kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 umekuwa ukizungumzia dagaa na migebuka, kana kwamba maji ya Mkoa wa Kigoma yanaishia ufukweni. Siupingi uamuzi ule. Dagaa na migebuka huzaliana humo humo ziwani, na nchi nne zinazochangia ziwa hili zisingeweza kuwalinda bila kusimama pamoja. Ninachosema ni kwamba miezi ile mitatu haiwasaidii samaki wanaopanda Mto Malagarasi, unaoingia ziwani humo, kwenda kutaga, kwa sababu hao hupanda na maji ya mvua, kati ya Novemba na Aprili, na ifikapo katikati ya Mei maji yamekwisha kuanza kushuka, nao ama wamekwisha kutaga ama wamekwisha kunaswa.

Wakazi wa Ilagala na Uvinza hawahitaji kuelezwa jambo hili. Mto unapovimba na kumwagika mabondeni, kambale huondoka kwenye kina na kuingia katika majani yaliyofunikwa na maji mapya, mara nyingi usiku, akatage mahali ambapo vifaranga vitapata chakula na maficho. Samaki wengine wenye magamba hupanda mkondo kutafuta maji yanayokwenda kasi juu ya kokoto. Wote hao wana udhaifu mmoja, nao ni kwamba wanapita njia nyembamba na kwa wakati unaojulikana. Mtu akitega nyavu kutoka ukingo hadi ukingo mdomoni mwa mto, au akaziba kwa uzio wa migono, yaani mitego ya kusuka, mfereji unaoingia bondeni, hana haja ya kuwa fundi wa uvuvi. Anangoja tu, na anaowapata ni wale wenye mayai tumboni.

Uvuvi ninaoutetea ni wa namna nyingine. Ni ule wa mtumbwi mdogo wa watu wawili, unaoachwa uteremke na mkondo huku mmoja ameketi nyuma na kasia na mwenzake ameshika mshipi. Asiyeujua hudhani kuwa ni uvivu, kumbe kazi yote iko kwa mwenye kasia. Chambo kikienda kasi kuliko maji, samaki hakigusi. Kikikawia, mshipi huzama na kunasa kwenye magogo. Kwa hiyo yeye huupunguza mwendo wa mtumbwi kwa kukata maji kinyume, akiuweka kwenye mstari ambapo maji ya haraka yanakutana na maji yaliyotulia, kwa maana hapo ndipo samaki hujibanza akisubiri kinacholetwa na mkondo. Tena afanye hayo akiwa anawatazama viboko, ambao katika Malagarasi si jambo la kupuuza. Mtumbwi wa namna hiyo hupita mahali mara moja na kuondoka. Samaki aliyeukwepa ameukwepa, na aliyepatikana hupatikana mmoja mmoja, hivyo aliye mdogo anaweza kurudishwa majini akiwa hai.

Katika mito mikubwa ya magharibi mwa Marekani, kutoka Oregon hadi Alaska, watu huvua samoni kwa jinsi inayofanana sana na hii. Boti lao ni dogo, chini ni bapa, mbele na nyuma limeinuka ili maji yaupite mwili wake bila kuligeuza, na umbo hilo linahusishwa zaidi na Mto McKenzie wa Oregon. Mpiga makasia huketi akitazama linakoelekea boti, yaani chini ya mto, na huvuta makasia dhidi ya mkondo ili boti liteleze polepole kuliko maji yenyewe. Samoni huku kwetu tunamfahamu kwa picha ya kwenye kopo, lakini maisha yake yanafundisha: huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, kisha hurudi kwenye kijito alikozaliwa akiongozwa na harufu ya maji yake, na yule wa Bahari ya Pasifiki hutaga mara moja tu na kufa. Anayemzuia njiani hajachukua samaki mmoja, amechukua kizazi.

Kwa sababu hiyo wenzetu hawakuishia kuweka tarehe. Katika Mto Kenai huko Alaska, ambako mwaka 1985 alivuliwa kwa ndoana chinook, aina kubwa ya samoni, wa kilo 44 hivi, kuna kanuni inayozitenga Jumatatu za msimu wa samaki huyo ziwe za vyombo visivyo na injini. Idara yao ya uvuvi huwahesabu samoni wanaopanda kwa mitambo ya mawimbi ya sauti iliyowekwa majini, na hesabu ikionyesha kwamba waliofika kutaga ni wachache kuliko lengo, uvuvi hufungwa katikati ya msimu, hata kwa mwenye ndoana moja. Mwaka 2023 na 2024 uvuvi wa chinook katika mto huo ulifungwa. Sisemi tununue mitambo. Nasema kwamba wao huanza kwa kuuliza samaki anapita wapi na lini, ndipo waandike kanuni.

Kama mfano wa Alaska unaonekana kuwa wa mbali, upo wa Ziwa Victoria. Ningu alikuwa samaki wa thamani kubwa katika ziwa lile, na kila mvua ziliponyesha alipanda mito kama Kagera na Nzoia kwenda kutaga. Nyavu za kutega ziliingia ziwani humo mwaka 1905, na baadaye zikawa zinawekwa kwenye midomo ya mito kumsubiri akiwa na mayai. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka. Leo tumezoea kumtwika sangara lawama zote za Ziwa Victoria, na nyingine anazistahili, lakini sangara alianza kutapakaa kwa wingi miaka ya 1980, wakati ningu alikuwa amekwisha kuadimika siku nyingi.

Ombi langu kwa wizara inayosimamia uvuvi, kwa halmashauri za Kigoma na Uvinza na kwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi ni kwamba Malagarasi uwekewe agizo lake, tofauti na la ziwa. Katika miezi ya mvua pasiwe na wavu wala uzio wa migono mdomoni mwa mto na kwenye mifereji ya kuingilia mabondeni, na penginepo nusu ya upana wa mto ibaki wazi usiku na mchana. Mtumbwi wa kasia wenye mshipi na ndoana uruhusiwe kuendelea, kwa kiwango kitakachokubaliwa na vijiji. Kila mwalo uwe na daftari la kuandika aina ya samaki, urefu wake na kama alikuwa na mayai. Kazi hiyo kijana aliyemaliza kidato cha nne anaiweza, na baada ya misimu michache tutakuwa na hesabu yetu wenyewe.

Najua nitaambiwa kwamba wenye nyavu nao wana watoto wa kulisha. Ni kweli, ingawa mara nyingi mwenye nyavu hakai mtoni kabisa, na anayelowa usiku kucha ni kibarua wake. Huyo kibarua ndiye ningependa afikiriwe kwanza, kwa mkopo mdogo wa mtumbwi na zana kupitia kikundi, kabla ya mgambo kutumwa kuchoma nyavu. Muhimu ni kwamba mazungumzo yaanze wakati huu wa kiangazi. Ikifika Oktoba nyavu za mdomoni zitakuwa zimekwisha kununuliwa kwa mkopo, na baada ya hapo hakuna atakayekubali kuziacha ghalani.

Msomaji wako,
Ilagala, Kigoma