Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya barabara zetu: Somanga kwanza, haibridi baadaye

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu kutoka Mikindani. Mimi ni mama mwenye lori moja la tela, la mkopo, linalopeleka saruji Dar es Salaam. Nimevumilia mengi, ila juzi uvumilivu umeniishia.

Lori lilinasa Somanga, huko Kilwa kwenye barabara ya Mtwara kwenda Dar, kwenye njia ya muda ya kukwepa ujenzi. Mvua ilipiga usiku, kifusi kikalainika, tairi za nyuma zikazama mpaka kwenye ekseli na tela likalala upande. Turubai likachanika. Mpaka dereva na utingo wanapata wa kuwavuta, mifuko ya chini ilikuwa imeshaganda, ukiigonga inalia kama jiwe. Mwenye mzigo amenikata hela ya mifuko yote iliyoharibika, springi zimekatika, na benki wanataka rejesho lao tarehe ile ile. Ada ya mtoto imeliwa na fundi. Dizeli ya safari ijayo nakopa.

Mheshimiwa, kwenye kikao chako na sisi wasafirishaji ulitushauri tupunguze gharama kwa vyombo vya kisasa, ukataja haibridi, yaani gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja. Nilikusikiliza kwa heshima. Shemeji yangu anayo gari ndogo ya aina hiyo Dar, na kweli haili mafuta: kwenye foleni injini inazima, mota ya umeme inasukuma, akikanyaga breki betri inajichaji. Lakini lori likishika lami ya Kusini na mzigo wake linakwenda mwendo mmoja saa nzima, breki linagusa mara chache, sasa huo umeme litaupata wapi? Tena betri ni uzito. Sheria ya Afrika Mashariki inatufunga tani 56, gari na mzigo pamoja, kwa hiyo kila kilo ya betri naipunguza kwenye saruji. Na lori jipya nani atanikopesha, hili sijamaliza kulilipa? Mafuta yangu yanaishia kwenye mashimo na matope, Mheshimiwa. Hapo ndipo pa kuyaokoa.

Wazee wetu walisota kwenye kivuko cha Rufiji mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Tukaamini kufungiwa kumekwisha. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, barabara ikakatika huko Kilwa na Kusini nzima ikakaa kisiwani. Tuliahidiwa ujenzi wa kudumu. Kazi iliyofanyika naiona, siikatai, lakini lori langu halikuzama kwenye ahadi, limezama kwenye kifusi.

Sisi wenye magari tunahisi makalavati yalijengwa membamba kwa maji ya siku hizi, na mitaro haizibuliwi mpaka mvua ianze. Wapo wanaosema tatizo ni malori yanayozidisha uzito. Kama ni hivyo, mizani zipo, wabaneni hao. Mimi risiti zangu za mizani ninazo zote.

Sikuombi fidia, wala unafuu wa mkopo, ingawa ningeupata ningeshukuru. Naomba Somanga pamalizike kabla ya masika. Tupe tarehe, Mheshimiwa, iandikwe kwenye kibao palepale barabarani, kila dereva anayepita aisome. Somanga tu. Kabla ya masika.

Ni mimi,
Mwenye lori, Mikindani, Mtwara